Choya, Chokaa na Firigisi ya Baba

Jirani yangu mpya anapika choya. Kila Jumamosi asubuhi anachemsha sufuria nzima ya maua hayo mekundu kwa juisi ya kuuza, na ile harufu ya uchachu uliochanganyika na tangawizi inavuka ukuta na kunikuta nikifua. Wengine wakinusa choya wanaona kiu. Mimi naona kesi. Naiona sebule yetu ya Chanika, glasi zimepangwa juu ya stuli, paka ana mguu mmoja mwekundu, Baba amekaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, uso umekunjamana kama wa hakimu, na mimi, mtoto wa darasa la sita, nimesimama mbele ya wakubwa nikiendesha mambo. Huwa nacheka peke yangu mpaka jirani anauliza kulikoni, nami namjibu kuwa ni mambo ya zamani tu.

Chanzo cha yote ni Mwalimu Chupa. Jina lake lilikuwa jingine, zuri tu, lakini tulimwita Chupa kwa siri kwa sababu hakupita chupa tupu njiani bila kuiokota. Alitufundisha sayansi katika shule ambayo haikuwa na maabara. Au niseme ilikuwa nayo, maana kulikuwa na chumba kilichoandikwa hivyo mlangoni, ila ndani mlikuwa na mafagio, majembe na magunia ya unga wa uji. Mwalimu alitufungulia chumba hicho siku ya kwanza, akatuonyesha magunia, akafunga. "Mmeiona maabara yetu," akasema. "Sasa sikilizeni. Maabara ya kweli mnayo nyumbani, ila mama zenu wanaiita jiko."

Tangu siku hiyo majiko ya Chanika hayakupata amani. Tuliagizwa majivu, chumvi, siki, mayai, mkaa, mchanga. Tulikata chupa za maji nusu, tukapanga ndani kokoto, mchanga na mkaa uliotwangwa, kisha tukamimina maji ya mtaroni, yakatoka chini yakiwa meupe kabisa. Mwalimu akatuonya mara nyingi kwamba meupe si salama, tusiyanywe. Mwenzetu mmoja aitwaye Sudi akayanywa kuhakikisha, na wiki hiyo hatukumwona tena darasani. Tulitoboa kitundu kwenye maboksi ya viatu, tukaweka karatasi ya mafuta upande wa pili, tukaona mlingoti wa bendera ukiwa kichwa chini. Mwalimu Mkuu naye alipokatiza uwanjani akiwa kichwa chini miguu juu, darasa zima liliangua kicheko, akaja kuuliza tunacheka nini. Mwalimu Chupa alimjibu kwa adabu zote kwamba tunafurahia tabia ya mwanga.

Mama ndiye hakufurahia. "Hiyo sayansi yenu mbona inakula kuliko wageni?" alikuwa akiniuliza kila nilipochota chumvi. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi tangu alipohamia kutoka Kilwa, alinitetea. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wanavyotutania sisi wajukuu wa kike, na alikuwa akisema, "Mwache mke mwenzangu asome. Akija kuwa daktari atanitibu mie goti hili bure."

Sasa siku ya choya. Mwalimu alichemsha maua makavu ya choya kwenye jiko dogo la mafuta ya taa, akayachuja kwa kitambaa, akayapunguza ukali kwa maji, akatugawia kidogo kidogo kwenye glasi na vikopo. Kisha kila mtu akatia alichokuja nacho. Aliyetia ndimu, maji yake yaliwaka wekundu hadi yakapendeza. Aliyetia maji ya majivu, yakageuka kijani kibaya cha kisamvu kilicholala. Tulipiga kelele. Mwalimu akatueleza habari za asidi na besi, na nina hakika alizieleza vizuri, lakini mimi sikusikia, kwa sababu hapo ndipo ilipofika zamu ya Sudi.

Sudi aliagizwa soda nyeupe. Akatoa chupa yake, imejaa, tena ina mapovu juu. Mwalimu akatia kidogo kwenye choya. Kijani. Mwalimu akatia tena. Kijani zaidi. Akamtazama Sudi, Sudi akatazama dari.

"Sudi, hii ni soda?"

"Ndiyo Mwalimu."

"Soda ni asidi, Sudi. Ingebaki nyekundu. Hii choya inasema kitu kingine."

Sudi akaanza kulia. Soda alikuwa ameinywa njiani, na ili mapovu yaonekane akajaza maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe akacheka, akainua ile glasi juu. "Mnaona? Choya haina upendeleo. Haijali wewe ni mtoto wa nani. Ukiitia kitu, inakwambia kilivyo ndani."

Mwalimu alisema kitu. Mimi nilisikia mtu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba duniani kuna maji yanayomjua mwongo, na kwamba yanauzwa sokoni kwa kipimo cha kikombe.

Nyumbani nako kulikuwa na mwongo anayetafutwa. Nyie mnaonunua firigisi kwa kilo, mkazichoma kwenye vijiti, itabidi mnivumilie hapa kidogo. Kwetu kuku alikuwa na firigisi moja, na firigisi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya baba. Kama kuna mgeni mzito, baba anampisha mgeni. Mama hali, mtoto hali, hata aliyemchinja kuku hali. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba ukiila kabla hujaoa unaota ndevu, na kwa kuwa nilikuwa msichana niliiogopa kwa dhati.

Basi firigisi ya Baba ikaanza kupotea. Kuku anapikwa Ijumaa, bakuli linafika mezani, Baba anatafuta kwa kijiko, hakuna. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alitoa hotuba. Mara ya tatu alikuwepo Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyekuja kutoka Kilwa kwa shughuli zake, na bakuli likawekwa mbele yake kwa heshima. Mzee akavuruga mchuzi kushoto, akavuruga kulia, akaweka kijiko chini taratibu. "Hamisi," akamwambia Baba, "kuku wa Dar siku hizi hawana firigisi?"

Baba alikuwa seremala, mtu mwenye mabega, lakini niliona akisinyaa. Mgeni alipoondoka akamwita Mama. Mama akaapa kwamba firigisi aliitia sufuriani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwachia jiko Dada Tatu akaenda kuswali. Hapo wote tukageuka kumtazama Dada Tatu.

Dada Tatu alikuwa mjukuu wa shangazi yake Bibi, au kitu cha namna hiyo, binti wa miaka kumi na saba aliyeletwa kutoka kusini kutusaidia kazi. Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Alinisuka, alinifundisha kucheza singeli kwa kutumia kiuno tu, bila mabega, na alikuwa akiniita Profesa. Jioni alikuwa anakwenda kwa jirani yetu mwenye cherehani kujifunza kushona, na alikuwa ameshafika kwenye kukata kola. Kwao huko kulikuwa na mzee aliyeleta posa, mzee wa mikorosho mingi na wake wawili, na Dada Tatu alikuwa amekimbilia kwetu kwa kisingizio cha kazi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, ingawa halikutajwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Baba. "Simrudishi kwa sababu ya firigisi. Namrudisha kwa sababu ya udokozi. Leo anadokoa chunguni, kesho atadokoa kabatini. Jumapili asubuhi apande basi, arudi kwao."

Dada Tatu akaenda kufunga mkoba wake. Usiku ule alinigeuzia mgongo, na mimi nililala nikihesabu maneno ya kumwambia nisipate hata moja. Nilimpenda sana. Wazo la kwamba angekwenda kumpikia yule mzee wa mikorosho, na kola zake zikabaki hazijakatwa, sikulikubali hata kidogo. Nikaamka na jibu. Kama Dada Tatu hakudokoa, na mimi niliamini hivyo kama ninavyoamini jua litachomoza, basi choya itamtetea.

Jumamosi nilimwendea Baba mapema karakanani kwake. Lazima niseme kwamba Baba aliacha shule mapema, na neno sayansi alikuwa akilitamka kwa heshima, kwa sauti ya chini, kama unavyotaja jina la marehemu. Nilimweleza habari za Sudi.

"Mwalimu ndiye kawafundisha hivyo?" akauliza.

"Ndiyo Baba. Choya haina upendeleo."

Akafikiri, huku anafuta vumbi la mbao kwenye ndevu. "Basi ulete baada ya adhuhuri. Kila mtu atatia mkono. Mkono ndio ulioiba."

Habari ilienea nyumba nzima. Nilipokwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni nilimkuta Dada Tatu amechuchumaa, anajikamulia ndimu mikononi, anasugua hadi kwenye viwiko. Nikadhani anaandaa kachumbari. Nikamwambia asiogope, mimi nipo.

"Profesa," akasema, "hayo maji yako yanajuaga kweli?"

"Yanajua kila kitu."

Akachukua ndimu nyingine.

Adhuhuri ikapita. Nilipanga glasi juu ya stuli, kila moja na choya kidogo, kama alivyofanya Mwalimu. Nikatangaza sheria: ukiwa mkweli maji yanabaki mekundu, ukiwa mwongo yanakuwa kijani. Nilianza na paka, kwa sababu moyoni nilitamani sana awe paka. Nilimtumbukiza mguu, akanikwaruza mkono, akakimbilia chini ya kabati akiacha alama nyekundu sakafuni. Maji yalibaki mekundu. Baba akasema paka ameachiwa huru.

Mama akatia kidole akiwa amebetua midomo. Alikuwa ametoka kukuna nazi, maji yakawa na ukungu lakini rangi haikugeuka. Nikatia mimi, mekundu. Bibi akasema kutoka mkekani, "Na hakimu naye atie, isije ikawa anajiibia mwenyewe." Baba akatia kidole chake kinene, mekundu.

"Tatu," akasema Baba.

Dada Tatu alisogea. Mkoba wake wa nguo ulikuwa tayari umefungwa, umewekwa karibu na mlango, na nilijitahidi nisiutazame. Akatumbukiza vidole vyote. Jamani, yale maji hayakubaki mekundu tu. Yaliwaka. Yalikuwa mekundu kuliko yangu, kuliko ya Baba, wekundu wa kanga mpya. Nikapiga makofi. "Baba ona! Ona! Huyu ni mkweli kutuzidi sote!" Baba akakuna kichwa. Mama akasema "Haya!" kwa namna ambayo haikueleweka upande wake. Dada Tatu aliduwaa, akavitazama vidole vyake kama si vyake.

Akabaki Bibi. Sikutaka hata kumpima, ilikuwa kukamilisha tu, maana Mwalimu alitufundisha kwamba jaribio lisilokamilika ni uvivu. Bibi alikuwa mkekani na kinu chake kidogo, anatwanga tambuu kama kawaida yake, majani na popoo za kuweka mdomoni, kikopo cha chokaa ya kupakia majani kando ya goti. Nikampelekea glasi. Akaniambia, "Mke mwenzangu, na mie mtuhumiwa?" Akacheka, akatia kidole gumba, akakizungusha ndani vizuri ili kunifurahisha.

Kijani.

Si kijani cha kubahatisha. Kijani kilitoka kwenye kidole chake kikashuka hadi chini ya glasi, kikaijaza yote. Baba alisimama. "Rudia," akaniambia. Nikaleta glasi nyingine, Bibi akatia tena. Kijani kama kile kile.

Mama alijiziba mdomo kwa upande wa kanga, na sijui hadi leo kama alikuwa analia au anacheka. Bibi alikitazama kidole chake. Akamtazama Dada Tatu pale mlangoni na mkoba wake. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa karibu kuangua kilio. Kisha akaichukua kanga yake, akajifuta kidole polepole, akasema, "Haya. Ni mie."

"Mama!" Baba alisema.

"Mama nini? Nimekula firigisi. Zote. Za mwanangu nilizila mie, niliyekunyonyesha mpaka ukaota magego. Kuna polisi wa firigisi huku Dar? Waite waje wanichukue."

"Mama, lakini mbele ya Kaka..."

"Kaka yako naye nimemzaa mie. Tatu, hebu fungua huo mkoba, uniletee maji ya kunywa. Kesi imekwisha."

Na kesi ikaisha. Baba angemwambia nini mama yake mzazi? Alitoka nje, nikamsikia anapiga randa ubao kwa hasira mpaka magharibi. Dada Tatu aliufungua mkoba, na usiku ule alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Mimi nilikuwa shujaa, ila shujaa asiyethubutu kumtazama Bibi, kwa kuwa nilikuwa nimemwokoa mmoja kwa kumwaibisha mwingine. Habari nazo hazikai ndani. Kufikia Jumapili jioni akina mama wa bombani walikuwa wanamwita Bi Firigisi. Walimsalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha wakageuka pembeni wakashikana mabega kwa kicheko.

Jumatatu nilimsimulia Mwalimu Chupa. Nilitegemea pongezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: bibi yako alikuwa anafanya nini kabla hajatia kidole?

"Alikuwa anatwanga tambuu."

Mwalimu alikaa juu ya meza. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akavua miwani, akaifuta, akacheka tena. Kisha akanishika mkono tukaenda kwenye kikopo cha chokaa tuliyokuwa tukipakia mawe ya kuzunguka bendera. Akachota kwa ncha ya kijiti, akatia kwenye choya. Kijani, kile kile cha Bibi.

"Chokaa ni besi," akasema. "Choya imekwambia bibi yako ana chokaa kidoleni. Basi. Haijui firigisi, haijui mwizi. Inajibu ulichoiuliza, si ulichodhani umeiuliza." Halafu, kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli, akaongeza, "Na yule dada yako aliyeng'aa, muulize alishika nini."

Nilijua tayari. Niliona zile ndimu nyuma ya jiko. Nilirudi nyumbani, nikamkuta Bibi uani peke yake, nikammwagia yote pale pale. Nilimwambia si wewe Bibi, ni chokaa, na mimi nimekuchafulia jina mtaa mzima, na sasa nikisema ukweli Dada Tatu anaondoka.

Bibi aliendelea kutwanga. "Chokaa mie naijua kabla babu yako hajanioa. Nilipoona maji yamegeuka nilijua ni hiyo."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"We uliniweka hapo na sayansi yako, mke mwenzangu. Mie nimekaa tu." Akapuliza chembe ya popoo kwenye mdomo wa kinu. "Pua yangu haijafa. Ijumaa ya kuku, Tatu ananukia ndimu ya kutoa harufu ya nyama mikononi, hata kabla hatujapakuliwa. Nilijua tangu ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mtoto kaonja, kaona tamu. Kwa hilo nimpeleke kwa yule mzee akamalizie ujana wake kuokota korosho?" Akanitazama, na safari hii hakuwa akitania. "Mie jina langu limeshazeeka, likiongezwa firigisi halichakai. La kwake ndiyo kwanza linaanza. Nyamaza. Ukisema nitakuchapa na huu mchi."

Nikanyamaza. Dada Tatu naye alikoma udokozi siku hiyo hiyo, na mambo yangeishia hapo kama Baba asingekuwa mtu wa haki. Wiki nzima alikuwa akifikiri karakanani. Ijumaa akachinja jogoo mwenyewe. Tulipokaa mkekani sote kuzunguka sinia, akaichukua firigisi kwa mkono wake, nzima, inateleza mafuta, akaiweka kwenye sahani ya Bibi.

"Mama," akasema, na niliona kwamba alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake. "Nimekosa mimi. Mama yangu amefikia hatua ya kudokoa chunguni kwa kuwa mwanawe hakuwahi kumpa. Kuanzia leo, kila kuku anayechinjwa nyumba hii, firigisi ni yako. Kula, tukuone."

Nilimtazama Bibi, nikaona hatari ambayo sayansi yangu yote haikuniandaa nayo. Bibi alikuwa na meno matatu, mawili juu na moja chini, na hayakuwa yakikutana. Ndiyo maana tambuu aliitwanga. Nyama yetu aliichambua kwa vidole, maandazi aliyachovya kwenye chai mpaka yakalegea. Firigisi, hata ukiichemsha tangu alfajiri, inahitaji gego. Aliishika kwa vidole viwili, akaibonyeza. Haikubonyea. Akaigeuza upande wa pili, kana kwamba upande huo utakuwa laini.

Baba alikuwa akimtazama kwa upendo mtupu. Kisha taratibu nikaona upendo unapungua na hesabu inaingia. Alitazama firigisi. Alitazama mdomo wa mama yake. Alitazama firigisi tena. Dada Tatu, aliyekuwa akituletea maji ya kunawa, alisimama na birika mkononi, na maji yakawa yanamwagika kwenye kandambili zake bila yeye kujua. Mimi nilisema moyoni, ameshajua, kesho anapandishwa basi.

Bibi hakuharakisha. Aliiweka firigisi pembeni ya sahani, akajifuta vidole, akamtazama mwanawe usoni moja kwa moja.

"Hamisi, si umesema ni yangu?"

"Nimesema, Mama."

"Mali yangu, niitumie nitakavyo?"

Baba akamtupia Dada Tatu jicho. "Ndiyo, Mama."

"Tatu! Weka birika chini, mwanangu, njoo ukae hapa." Akapiga mkeka baina yake na Baba. "Mie meno yamenihama. Njoo unitafunie."

Dada Tatu alikuja akakaa kwa magoti. Alinitazama mimi, akamtazama Mama, hakuthubutu kumtazama Baba. Bibi akamtilia firigisi mkononi, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili. Kisha Dada Tatu akaila pale, mbele ya mwenye nyumba, machozi yakimtiririka, na tulimsikiliza akitafuna kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine.

"Tamu?" Bibi akauliza.

"Tamu, Bibi."

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea."

Bibi akashusha pumzi, akajipapasa tumbo. "Alhamdulillahi. Nimeshiba."

Hapo ndipo Baba alipoinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika, hadi nilipoona mabega yake yanavyotikisika. Alicheka kimya kimya, muda mrefu, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akalivuta bakuli la mchuzi lililokuwa mbele yake, akalisogeza mpaka likagusa magoti ya Dada Tatu.

"Teremshia na mchuzi," akamwambia. "Isije ikakukwama."